Jina la Mfalme na Kijiko cha Bi Somoe

Palikuwa na nchi, na ukitazama vizuri huenda ukakuta bado ipo, ambayo watu wake hawakuwa na shida yoyote. Redio ndiyo iliyosema hivyo, kila siku saa saba mchana, na redio ya nchi ile haikusema uongo, kwa sababu uongo ulikuwa umepigwa marufuku. Jina la nchi halitatajwa hapa. Si kwa woga. Mkifika katikati mtaona wenyewe kwamba majina si vitu vya kuchezea.

Katika nchi hiyo palikuwa na banda la kubangulia korosho, na katika banda hilo alikuwamo Bi Somoe Chande, mwanamke wa miaka sitini na minane, mwenye meno ya kutosha kwa kucheka ingawa si ya kutosha kwa muwa. Alibangua korosho miaka thelathini na mmoja. Sasa mafuta ya ganda la korosho, kwa asiyeyajua, hayana huruma hata chembe. Yanababua ngozi, yanaila, yanairudia. Vidole vya Bi Somoe vikaishia kuwa vigumu kama magome ya mti, havitambui tena ipi korosho na ipi kokoto. Mahali pengine angeambiwa asante, nenda nyumbani. Lakini banda lile lilikuwa na desturi yake.

Desturi yenyewe ni hii. Mwanamke mmoja huketi juu ya debe lililopinduliwa akasoma kitabu kwa sauti, na wenzake hubangua huku wakisikiliza. Jioni kila mmoja humwaga bakuli moja ya korosho zake kwenye karai la msomaji, ili msimamizi akija kupima akute msomaji naye ametimiza kipimo cha siku. Msimamizi alijua, akajifanya hajui, kwa kuwa siku za kitabu kitamu wanawake walibangua nusu zaidi ya kawaida na hakuna aliyetoka kwenda chooni.

Bi Somoe ndiye aliyekuwa msomaji. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani, lile la fimbo, kwa hiyo alisoma bila kukwama. Debe lile ndilo lililokuwa riziki yake. Akishushwa pale hakuwa na pengine pa kukaa isipokuwa kizingitini kwa mkwewe, na mkwewe alikuwa mtu wa kufagia kwa nguvu.

Kitabu walichokuwa wakisoma mwaka ule kiliitwa Milima Saba Isiyokuwepo. Kilikuwa na kurasa mia sita na arobaini, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kisimwagike. Kiliandikwa na marehemu Mfaume Likoko, karani wa posta, aliyekuwa akiandika nyuma ya fomu za telegramu baada ya telegramu kufa. Kilikuwa na majoka, wachawi, milima inayohama, na majina ambayo Bi Somoe hakupata kuyaona tangu azaliwe. Mji mkuu uliitwa Ngwrrosz. Mchawi mwema, mwanamke, aliitwa Ieuaea, irabu tupu kama mtu anayepigwa na maji baridi. Na mfalme mwovu, aliyewanyang'anya watu vivuli vyao akashonea joho, aliitwa Qxarthmul.

"Somoe, huyo mfalme leo anaitwaje?" aliuliza Siwatu, mbanguaji kijana kuliko wote, ambaye ulimi wake ulibangua kuliko mikono yake. "Jana ulimwita Kasarimuli."

"Jana nilikuwa na njaa."

"Na leo?"

"Leo nimekunywa uji. Kwarathamuli."

"Mimi kichwani kwangu namwita Mkwarathi," akasema Siwatu. "Ana tumbo na miwani."

"Wangu mwembamba," akadakia mwingine kutoka kwenye jiko la kuchomea. "Anaitwa Kisa-mali. Ana sauti ya baba mkwe wangu."

"Basi hao ni wafalme wawili."

"Ni mmoja. Ila kila mtu kampika jikoni kwake."

Wakacheka, wakaendelea. Kwenye kona alikaa Bi Arafa, mjane wa yule karani aliyekiandika kitabu. Alibangua polepole, akasikiliza maneno ya mumewe yakipita hewani, na hakusema lolote, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Hivyo ndivyo walivyosoma hadi ukurasa wa mia nne, na nchi haikudhurika.

*

Balaa lilianza Siku ya Kusoma. Siku hiyo Mtukufu Mlezi wa Wote, mkuu wa nchi ile, alikuwa akisoma mbele ya hadhara ili watu waone jinsi inavyofanywa. Washauri walimchagulia Milima Saba Isiyokuwepo kwa sababu kilikuwa kinene na kingependeza kwenye picha. Mtukufu alikwisha kukisoma nyumbani hadi ukurasa wa saba. Katika kurasa saba za mwanzo mfalme anajenga mnara mrefu na kuupaka rangi, basi Mtukufu akampenda sana.

Mezani waliweka sahani ya korosho. Mtukufu akatupia tatu mdomoni, akafungua kitabu, akasoma: "Ndipo akasimama Mfalme Qxar—"

Hapo korosho moja ikashika njia isiyo yake.

Mtukufu alikohoa mara mbili kwa ufupi na mara moja kwa urefu. Macho yakatoka. Mpambe wake akampiga mgongoni mara tatu. Akapewa maji, akapiga funda moja, akafuta machozi, akamalizia: "—muli." Kisha akafunga kitabu na kusema, "Mfalme huyu namfahamu. Ni mtu wa maendeleo. Ananikumbusha mtu fulani." Watu wakapiga makofi, kila mmoja akikumbushwa mtu yuleyule.

Jioni pakazuka swali Ikulu: kilichotokea pale kiitwe nini? Daktari mmoja mgeni kazini alisema Mtukufu alipaliwa. Akahamishwa kesho yake kwenda kwenye zahanati ya kisiwa kisicho na watu. Mtukufu hapaliwi. Na kwa kuwa hapaliwi, yote yaliyosikika pale lazima yalikuwa sehemu ya jina.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Ulimi, Meno na Koromeo. Waziri wake alihutubia taifa kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisilojua kutamka majina ya watu wasiokuwepo litawezaje kuwatambua waliopo? Kwa muda mrefu kila mmoja wetu amekuwa akijitamkia gizani, ndani ya kichwa chake, mahali ambapo Serikali haijafikisha huduma. Sasa huduma imefika. Matamshi rasmi ya jina la Mfalme ni kama ifuatavyo: Kwasari, kikohozi kifupi, kikohozi kifupi, kikohozi kirefu, ngumi tatu za mgongo, funda moja la maji, muli. Machozi ni hiari kwa raia wa kawaida, na ni lazima kwa watumishi wa umma."

Mtaona tatizo. Jina hilo halikuweza kutamkwa na mtu mmoja. Ilibidi awepo wa kutamka na wa kupiga mgongo. Shule zilizokuwa na mwalimu mmoja zikaletewa mpiga mgongo kabla ya kuletewa mwalimu wa pili. Wakuu wa wilaya wakaanza kushindana. Mmoja alikohoa kwa hisia kali hata akavunjika ubavu, akapandishwa cheo akiwa hospitalini. Mwingine alikohoa kikavu, bila moyo, akaulizwa ana nini na Mfalme.

Walioumia hasa ni wenye vifua. Kila aliyekohoa mara tatu alihesabiwa ameanza kumtaja Mfalme na hakumalizia, na kutomalizia kulikuwa dharau. Mzee mmoja mwenye pumu alikamatwa kwenye foleni ya sukari kwa kumtaja Mfalme mara arobaini na mbili bila maji.

Yakabaki majina mengine, yale ambayo Mtukufu hakuyafikia. Ikaundwa Tume ya Kutafuta Asili ya Matamshi. Wajumbe walizunguka nchi kumi na moja, zote za baridi, wakisema majina magumu hutoka kwenye baridi. Wakarudi baada ya miezi mitatu wakiwa na makoti mazuri sana na ripoti inayosema utafiti unaendelea. Gari lao lilipotoka uwanja wa ndege lilipita mbele ya banda la korosho, likampigia honi Bi Arafa atoke njiani.

Watu wenye roho mbaya, na nchi haikosi hao, walinong'ona jambo jingine. Walisema mshauri mmoja wa Mtukufu alifika ukurasa wa nane, akaendelea hadi mwisho, akaona yanayompata Mfalme, akatokwa jasho. Kukipiga marufuku kitabu alichokisifu Mtukufu hakuwezekani. Kumwambia Mtukufu amesifu nini, nani aende? Basi dawa ilikuwa moja: kusoma kuwe kugumu kiasi kwamba hakuna atakayefika mwisho. Lakini hayo ni maneno ya watu, nasi tuyaache yalale.

*

Banda la korosho halikufungwa. Ilitakiwa tu kila msomaji wa hadhara awe na leseni. Bi Somoe alipoitwa kwenye usaili walikuwa wamebakiza kurasa thelathini. Mfalme alikuwa amekwisha kuchukua kivuli cha mtoto wa mwisho, mchawi mwema alikuwa amefungwa kisimani, na wanawake wa banda walikuwa hawalali.

"Nenda, shoga," walimwambia. "Kohoa wanavyotaka, urudi."

Alikwenda. Mbele yake walikaa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na nyuma yake akasimama mpiga mgongo wa zamu, pande la mtu, mwenye viganja kama makasia.

"Jina lako?" aliuliza mwenyekiti.

"Somoe Chande."

"Tamka taratibu. Siku hizi hatukimbilii majina." Akaandika. "Soma hapo kwenye alama."

Bi Somoe akasoma. Palikuwa na jina la Mfalme. Akakohoa mbili fupi na moja ndefu, akapigwa tatu, akanywa maji, akamaliza. Watatu wakatazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema hajasikia kikohozi chenye ukweli kama kile tangu cha Mtukufu mwenyewe.

Na kilikuwa na ukweli kweli. Miaka thelathini na mmoja ya moshi wa maganda ya korosho ilikuwa imekaa kifuani kwa Bi Somoe kama mpangaji asiyelipa. Kikohozi kikishaamshwa hakirudi kulala.

"Endelea," akasema mwenyekiti.

"Ndipo mchawi mwema Ieu—" akasoma Bi Somoe, na kifua kikamkatiza. Mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Kalamu zikasimama.

"Umemwita mchawi jina la Mfalme," akasema mwenyekiti.

"Nimekohoa, baba."

"Ndiyo hilohilo."

"Nina kifua."

"Kila raia ana kifua, mama. Swali ni unakitumiaje."

Akaambiwa arudie. Akakohoa kwenye mji, akakohoa kwenye joka, akakohoa kwenye neno "na". Kwa hesabu ya karani, Mfalme alionekana sehemu saba kwa wakati mmoja, zikiwemo kisimani na tumboni mwa ng'ombe. Mpiga mgongo alichoka akaomba kukaa.

Wakanong'onezana kwa muda. Walitaka kumnyima leseni, lakini kikohozi chake cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwenye daftari kama mfano kwa taifa, na daftari lilikuwa la wino. Basi wakampa leseni yenye sharti, imepigwa mihuri minne: "Mwenye leseni hii anaruhusiwa kusoma kitabu chote, isipokuwa asitamke jina lolote lililomo. Akitamka, au akikohoa mahali pa jina, atashushwa kwenye debe na asipande tena maisha yake yote."

"Sasa nikilifikia jina nifanye nini?" aliuliza Bi Somoe.

"Hiyo ni kazi ya msomaji," akasema mwenyekiti. "Sisi ni wataalamu."

*

Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Akapanda debe lake, akafungua mpira wa baiskeli, akasoma nusu sentensi, akalikuta jina. Akanyamaza. Mikono ya wanawake ikasimama juu ya korosho.

"Ndo kusema hatutajua?" akauliza Siwatu. "Yule atabaki kisimani milele?"

Bi Somoe alikuwa na kijiko mkononi, cha kukorogea dawa yake ya kifua, tangawizi na asali. Alikitazama. Kisha akakishusha kwenye ubavu wa debe alilokalia.

Ngo.

"Alipoamka asubuhi ile," akasoma, "—ngo— alilivaa joho lake la vivuli, nalo lilikuwa zito kuliko jana."

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeamka. Kila mmoja alimwona wake, mwenye tumbo na miwani, au mwembamba mwenye sauti ya baba mkwe. Mikono ikaanza tena.

Hadi jioni walikuwa na kamusi nzima. Kugonga mara moja, Mfalme. Mara mbili, mchawi. Mara tatu, mji. Waziri wa Mfalme, yule aliyekuwa akimpimia watu vivuli na kusema vyote ni kwa faida yao, alipewa mkwaruzo: kijiko kinaburuzwa juu ya bati kutoka juu hadi chini, hadi meno yanauma. Bi Arafa aliinamisha uso kwenye karai lake, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka.

Na mambo yangeishia hapo, kama si ile redio. Siku ya pili, saa saba mchana, ilifunguliwa kama ilivyoamriwa. Waziri wa Ulimi, Meno na Koromeo akatangazwa. Kabla hajafungua kinywa, mahali fulani ndani ya banda, kijiko cha mtu kikaburuzwa juu ya bati kutoka juu hadi chini.

Hakuna aliyegeuka. Lakini habari katika nchi ile zilikuwa na miguu, na hazikuvaa viatu. Siku ya tatu asubuhi akaja mkaguzi.

*

Aliitwa Bwana Ponera, Mkaguzi wa Matamshi Daraja la Pili. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu anayempenda, na alibeba mkoba wa fomu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua kijiko.

"Hiki ni kidhibiti," alisema, akakishika mkononi.

"Nitakorogea nini dawa?" aliuliza Bi Somoe.

"Kidole."

"Vidole vyangu ungeviona, mwanangu, usingesema."

Akaviona. Akatazama pembeni, akavuta debe jingine, akaketi, akatandaza fomu juu ya goti. Fomu ilikuwa na mstari mmoja uliomleta: *Debe likigongwa mara moja, maana yake ni nani?* Nafasi ya jibu ilikuwa ndefu.

"Kama maana yake ni jina la Mfalme wa kitabuni," alieleza kwa upole wa mtu aliyekariri, "basi mama huyu ametamka jina bila kikohozi, bila mgongo na bila maji, atashuka kwenye debe leo hii. Kama maana yake ni mtu mwingine, aliye hai," akashusha sauti, "hiyo si idara yangu, na sitaki iwe. Nijibuni tu."

Chini ya debe Bi Somoe aliona kizingiti cha mkwewe, na ufagio. Kwenye mapaja yake kulikuwa na kitabu, na katika kitabu zilibaki kurasa tisa.

"Debe likigongwa mara moja ni nani?" Bwana Ponera akamuuliza Siwatu.

"Ni debe, bwana."

"Namaanisha, unamfikiria nani?"

"Mimi nikibangua sifikirii. Nikifikiria najikata."

Akamwendea wa pili. Wa pili alisema akisikia ngo anafikiria mlango. Wa tatu alisema anafikiria mwenye nyumba. Wa nne alimuuliza, kwa adabu kabisa, "Wewe, baba, unamfikiria nani?"

"Mimi naandika tu," akasema Bwana Ponera.

"Lakini si una masikio? Andika ulichokifikiria wewe. Sisi hatukusoma."

Bwana Ponera akaitazama ile nafasi ndefu. Akaweka ncha ya kalamu juu yake, akainyanyua. Ukweli ni kwamba aliona haya kwa jambo jingine. Miezi minne amekikagua kitabu kile nchi nzima, na hajui kinahusu nini. Kazi yake ilikuwa majina tu. Akifika kijijini anafunguliwa kwenye jina, anasikiliza vikohozi, anapiga tiki, anafunga. Nyumbani mkewe humuuliza kila siku, yule wa kisimani alitoka? Naye humjibu kuwa hiyo ni siri ya Serikali.

"Zimebaki kurasa ngapi?" aliuliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Tisa," akasema Bi Somoe.

Akafungua kinywa ajibu, na hapo ikafika saa saba, msimamizi akafungua redio. Ngoma zikapigwa. Mtangazaji akavuta pumzi ya safari ndefu.

"Sasa mnakaribishwa kumsikiliza," ikasema redio, "Mtukufu Mlezi wa Wote, Baba wa Mnara, Mkohozi wa Kwanza, Koromeo la Taifa…"

Ngo.

Ilikuwa sauti moja, safi, ya kijiko juu ya debe.

Wanawake hawakutazamana. Wote walimtazama Bwana Ponera, na Bwana Ponera akawatazama wao mmoja mmoja, akitafuta mkono wenye kijiko. Mikono yote ilikuwa kwenye korosho. Ya Bi Somoe ilikuwa juu ya kitabu. Ilimchukua mkaguzi muda kukumbuka kijiko kiko wapi. Kisha akashusha macho polepole kwenye mkono wake mwenyewe, uliokuwa umelala ubavuni mwa debe alilokalia.

Redio iliendelea kuzungumza. Mtukufu alikuwa akieleza kwamba hakuna shida.

"Debe hilo limepata kutu," akasema Bi Somoe hatimaye, kwa sauti ya kawaida. "Linalialia lenyewe."

"Ndiyo," akasema Bwana Ponera. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. "Limepata kutu."

"Niendelee kusoma, mwanangu?"

Bi Somoe akanyoosha mkono aombe kijiko, naye hakukitoa. Alikishika vizuri zaidi.

"Soma," akasema. "Nitagonga mimi."

Basi wakamaliza. Bi Somoe akisoma, na akifika kwenye jina akimtazama mkaguzi, na mkaguzi wa Serikali akigonga, moja, mbili, tatu, asikosee hata mara moja. Mchawi alitoka kisimani. Joho la vivuli likawa zito hata Mfalme asiweze kusimama. Akaita watu wamnyanyue. Watu walikuwepo palepale, wakamwambia tunakusikia. Kisha kila kivuli kikasikia nyayo za mwenyewe zikipita nje, kikajifumua uzi kwa uzi, kikaenda nyumbani. Mwisho juu ya kiti alibaki mzee mfupi aliyevaa fulana, akiuliza kama chakula kiko tayari.

Bwana Ponera aligonga mara moja ya mwisho, taratibu sana. Halafu akauliza swali ambalo Tume ilikuwa imeliulizia nchi kumi na moja.

"Hivi huyu aliyeandika, yeye mwenyewe alikuwa akilitamkaje?"

Wote wakageukia kona. Bi Arafa akaweka jiwe lake la kubangulia chini, akajipangusa mikono kwa majivu. Alikuwa amengoja kuulizwa kwa muda mrefu, na hakuona sababu ya kuharakisha.

"Jioni alikuwa ananisomea alichoandika," alisema. "Akifika hapo alikuwa anaruka. Nikamuuliza, mume wangu, mbona unaweka majina usiyoweza kuyasema? Akaniambia, yangekuwa yanasemeka, watu wangeyasema kwa sauti, na mimi ni karani wa posta."

*

Ripoti ya Bwana Ponera ipo hadi leo. Kwenye ile nafasi ndefu aliandika: "Hakuna jina lililotamkwa." Wizara ilifurahi mno. Ndilo banda pekee katika nchi nzima lililosoma kitabu hadi mwisho bila kosa hata moja la matamshi. Wakaletewa cheti chenye fremu, kikatundikwa juu ya jiko la kuchomea, moshi ukakila. Waziri akaagiza mfano wao uigwe kila mahali: majina yasitamkwe, debe ligongwe. Alieleza hayo redioni kwa saa mbili na nusu, akasindikizwa na mikwaruzo kutoka mpaka hadi mpaka.

Bi Somoe hakushuka kwenye debe. Alianza kitabu kingine, kinene zaidi, na kila jioni karai lake lilijaa bakuli kwa bakuli.

Na Mtukufu? Siku moja saa saba mchana alikuwa amekaa roshanini akijisikiliza redioni. Yalipotajwa majina yake akasikia sauti ikitoka mjini, na ng'ambo ya mji, na mbali kabisa mashambani. Bati kwa bati, maelfu kwa maelfu, kila moja likilia mara moja tu.

"Nini hiyo?" aliuliza.

Washauri wakatazama viatu vyao. Yule aliyevuka ukurasa wa nane ndiye aliyejibu.

"Ni wananchi, Mtukufu. Wanafanya kazi."

Mtukufu akapendezwa sana. Akaamuru kuanzia kesho redio imtaje mara kumi kwa siku.

Hadithi nimeiweka chini hapa. Anayetaka kuiokota na aiokote, ila kwanza aangalie nani amekaa nyuma yake, na ameshika nini.